Mvumo wa mizunguko 3000: kisa cha ekzosi ya gari la kujiundia, Njiro

Gari hili ni la viti viwili, halina paa, na limeundwa nyumbani Njiro, Arusha, kwa mabomba ya mraba yaliyochomelewa moja moja. Umbo lake linafuata Lotus Seven, gari dogo la Uingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1957: boneti ndefu, magurudumu ya mbele yako nje ya bodi, dereva anakaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Injini, giaboksi na difu vilitolewa kwenye Toyota Altezza iliyopata ajali. Vijana wa hapa wanaijua injini hiyo kwa jina, 3S-GE: silinda nne, sentimita za ujazo 1998, na ile ya Altezza ya gia za mkono ilitajwa na Toyota kuwa na nguvu ya farasi 210 kwenye mizunguko 7600 kwa dakika. Kwenye Altezza inabeba zaidi ya kilo 1300. Hapa inabeba karibu nusu yake.

Kwa mbio, basi, hapakuwa na lawama. Lawama ilitoka kwa jirani. Ni nesi, anaingia zamu za usiku, na usingizi wake ni wa mchana. Hakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alimfuata mwenye gari mwenyewe getini, akaitikia shikamoo yake, akamwambia: “Mwanangu, kelele za magari nimezizoea, hapa bodaboda zinapita kutwa. Ila ya kwako ukianza kuipandisha pale kwenye kona, vioo vya dirisha langu vinatetemeka, na mimi nasikia kitu kifuani. Hata nikijifunika mto hakiondoki.”

Uchunguzi wote ulikuwa ndani ya maneno hayo. Mto hauzuii sauti nene. Vioo vya luva havitikiswi na mlio mkali. Na kona ile, kwa gari hili, hupandwa kwa gia ya pili injini ikiwa kwenye mizunguko kama 3000. Lakini gari lilipofika gereji kwangu, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, lilikuwa limeshapita mikono kadhaa, na kila mkono ulitibu neno moja tu, kelele, bila kuuliza ni kelele gani.

Ekzosi ilivyokuwa

Manifodi ya mabomba manne yanayoungana kuwa moja, bomba la milimita 60 kwa ndani, sailensa moja ya duara yenye kipenyo cha milimita 100 na urefu wa milimita 300, kisha mdomo unaotokea ubavuni upande wa abiria, mbele ya tairi la nyuma. Masega, kile kifaa cha kusafisha moshi wa ekzosi, hayakuwepo. Yaliuzwa zamani, wakati ile Altezza inakatwa, kwa sababu ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyomo ndani yake.

Fundi wa kwanza alijaza ndani ya sailensa pamba ya chuma ya kusugulia sufuria. Kelele ilipungua kwa muda mfupi, kisha moto na upepo wa ekzosi vikaimaliza pamba, na nyuzi zake zikatokea mdomoni. Wa pili alichomelea kisahani chenye tundu kwenye mdomo wa bomba. Hapo kelele ilishuka kweli, ila gari likaanza kuchemsha na halikuvuta tena juu ya mizunguko 5000. Tulichomoa sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi, tukafunga mahali pake kibomba kirefu cha shaba kilichokwenda hadi kwenye geji ya presha mbele ya abiria, tukaingia barabarani. Kisahani kikiwepo, geji ilisoma PSI 6 (kipimo kile kile cha presha ya matairi) mafuta yakikanyagwa hadi chini. Kilipokatwa, haikufika 2.

Nasikia mara nyingi gereji kwamba injini inataka kubanwa kidogo kwa nyuma ndipo iwe na nguvu. Sikubaliani nalo hata kidogo. Injini inataka bomba la kipenyo kinachoifaa, ili moshi utoke kwa kasi na mawimbi yake yarudi kwenye valvu kwa wakati mzuri. Presha inayobaki imesimama nyuma ya valvu ni hasara tupu, maana pistoni inatumia nguvu yake kuisukuma. Anayeziba mdomo wa ekzosi ili kupunguza kelele analipa kwa joto na kwa mafuta.

Jaribio la tatu lilikuwa la mwenye gari mwenyewe. Alinunua sailensa ya mtumba ya bomba nyoofu, inayong'aa, ya vipimo karibu na ile ya zamani. Programu ya kupima sauti kwenye simu yake ikaonyesha desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, 3 pungufu. Alifurahi, akaenda kumuuliza jirani. Jirani akamwambia hajaona tofauti yoyote. Wote wawili walisema kweli.

Kwa nini simu na nesi walitofautiana

Programu ya simu ilikuwa inasoma kwa mizani ya A, ile inayoandikwa dB(A). Mizani hiyo iliwekwa ifuate namna sikio la binadamu linavyopokea sauti ndogo, kwa hiyo inakata sauti nene. Kwenye hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, haikati kitu. Kwenye hezi 200 inakata karibu desibeli 11, na kwenye hezi 100 inakata 19. Mizani ya C, kwenye hezi 100, haikati hata nusu desibeli. Isitoshe, maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi na huelemewa upesi na sauti kubwa. Mlio mkali ulipopungua, simu iliuona. Mvumo ulibaki ulivyokuwa, simu haikuuona, na nesi aliendelea kuuhisi kifuani.

Niliazima kipima sauti kwa rafiki anayeshughulikia usalama kazini, chenye swichi ya A na C. Tulipima mahali pawili. Pa kwanza ni kwa utaratibu wa ISO 5130, ule wa kimataifa wa kupima kelele ya gari lililosimama: nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembe ya digrii 45, kimo cha mdomo wenyewe, gari limesimama. Kwa injini ambayo nguvu yake ya juu iko kwenye mizunguko 7500 au zaidi, utaratibu huo unataka nusu ya mizunguko hiyo, kwa hiyo hapa ni 3800. Tulipata 104 dB(A). Pa pili ni nje ya dirisha la nesi, kwa ruhusa yake, gari likipanda kona kama kawaida: 63 kwa A, 80 kwa C.

Namba ya pili ndiyo iliyonifanya niache kuzungumzia sailensa ya dukani. Tofauti ya desibeli 17 kati ya C na A maana yake nguvu ya sauti ile, karibu yote, imekaa chini, jirani na hezi 100. Na hesabu ya injini inasema hivyo hivyo. Injini ya silinda nne inachoma mara mbili kwa kila mzunguko wa kranki. Mizunguko 3000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, kwa hiyo mapigo 100 kwa sekunde. Kwenye kona ile mwenye gari alikuwa anapiga hezi 100 kamili kwenye ukuta wa jirani.

Kuna na jambo la hewa. Asubuhi za Juni hadi Agosti, Njiro ikiwa na baridi, hewa iliyo karibu na ardhi inakuwa baridi kuliko ya juu yake, na sauti inayopanda hukunjwa kurudi chini badala ya kupotelea angani. Inafika mbali zaidi, na mtaa wenyewe umetulia. Malalamiko mengi ya alfajiri yana sababu hiyo ndani yake.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na chombo cha taifa cha mazingira, NEMC, ndicho kinachozisimamia. Sikutaka kesi hii ifike huko. Jirani aliyekuja kuzungumza kabla ya kushtaki anastahili kujibiwa kwa kazi.

Kelele nyingine zilizojificha

Kabla ya kujenga kitu chochote kipya tulitafuta vyanzo vyote, kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Vyanzo viwili vinavyolingana, ukiondoa kimoja, unapunguza 3 tu. Chanzo kilicho chini ya kikubwa kwa desibeli 10, ukikiondoa peke yake, husikii kitu. Mtu anayerekebisha kidogo kidogo bila mpangilio hukata tamaa mapema, akidhani kazi yake haifai, kumbe kazi ni nzuri ila kubwa bado linapiga kelele juu yake.

Tulianza na uvujaji. Injini ikiwa ya baridi, ikizunguka polepole, msaidizi alivaa glavu na kuziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Moshi ukatafuta njia: kwenye flanji ya manifodi, na kwenye kiungio kimoja cha kuchomeka. Flanji ilikuwa imepinda kwa moto wa kuchomelea. Tuliipeleka ikasawazishwa kwenye mashine, tukaweka gasketi ya chuma. Uvujaji wa hapo una madhara mawili zaidi ya ule mlio wa tik-tik. Hewa safi hunyonywa ndani dereva anapoachia mafuta, inakutana na mafuta yasiyoungua, na ndiyo ile milipuko inayosikika gari likishuka mlima. Pia hewa hiyo inaidanganya sensa ya oksijeni, kompyuta ya injini inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Baada ya gasketi milipuko ilibaki kidogo sana. Mwenye gari aliipenda milipuko ile, na alisema wazi kwamba ataikumbuka.

La pili lilikuwa namna ekzosi ilivyofungwa. Ilikuwa imebanwa kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu, chuma kwa chuma, na fremu imefunikwa kwa bati za alumini. Kila pigo la injini lilipita kwenye bolti hadi kwenye bati, na bati zikavuma. Tulitumia raba za kuning'inizia ekzosi za Corolla, tukaweka fleksi, kipande cha bomba kinachopinda, baada ya manifodi ili injini icheze bila kuivuta ekzosi. Kwa jirani badiliko hili halikuwa na maana kubwa. Kwa dereva lilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia, kwani usukani ulitulia.

La tatu, mdomo. Ulikuwa unaelekea ubavuni, na gari likipanda kona ubavu huo ndio unaotazama nyumba ya nesi. Kuugeuza nyuma kunasaidia kwa mlio mkali, ambao husafiri kwa mwelekeo. Mvumo wa hezi 100 una wimbi la zaidi ya mita 3 hewani, na unasambaa pande zote hata mdomo ukielekezwa wapi. Tuligeuza, tukijua tunapata nini na hatupati nini.

Ukubwa wa sailensa

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ndipo watu wengi wanaponunua vibaya.

Sailensa ya bomba nyoofu lenye matundu, lililozungushiwa pamba, inanyonya sauti. Mawimbi mafupi yanaingia kwenye pamba, yanasugua nyuzi, yanageuka joto. Kwa wimbi refu pamba nyembamba haina nguvu. Ndani ya ekzosi sauti inakwenda kasi kuliko hewani, kwa sababu moshi ni wa moto: kwenye digrii 20 ni mita 343 kwa sekunde, kwenye digrii 300 ni karibu 480. Kwa hiyo mvumo wa hezi 100 ndani ya bomba una wimbi la mita 4.8. Sailensa yenye pamba ya sentimita 2 kuzunguka bomba haiwezi kulimeza wimbi hilo.

Kinachoweza ni upana. Wimbi linapotoka kwenye bomba jembamba na kuingia kwenye chumba kipana, sehemu yake inarudishwa lilikotoka, na linapotoka chumbani kuingia tena kwenye bomba, inarudishwa tena. Ukubwa wa faida unategemea mambo mawili: chumba ni kipana mara ngapi kuliko bomba, na urefu wake unalingana vipi na wimbi. Sailensa ya zamani, na ile mpya ya mtumba, zilikuwa na eneo la kama mara 2.8 ya bomba na urefu wa milimita 300. Kanuni ya kawaida ya chumba inatoa, kwa hezi 100, chini ya desibeli 1. Kwa hiyo mwenye gari aling'oa sailensa isiyofanya kitu kwa mvumo, akafunga nyingine ya aina hiyo hiyo.

Tulichora ya umbo la yai, milimita 200 kwa 130, urefu milimita 600. Umbo la yai ni kwa ajili ya matuta ya barabarani: gari hili liko chini, na sailensa ya duara ya ukubwa huo ingekwangua kila tuta. Eneo ni zaidi ya mara 7 ya bomba. Kanuni ile ile inatoa karibu desibeli 8 na nusu kwa hezi 100. Ujazo wake ni lita 12, mara sita ya injini. Ya zamani ilikuwa na lita 2 na kitu, yaani kidogo tu zaidi ya injini yenyewe, na injini haiwezi kutulizwa na kikopo cha ukubwa wake.

Bomba la matundu la katikati lilitupa kazi. Ili sauti iingie kwenye pamba vizuri, matundu yanapaswa kuchukua kama asilimia 30 ya eneo la bomba. Kwa urefu wa milimita 600 na matundu ya milimita 4, hayo ni matundu 2700 au zaidi. Hakuna fundi atakayeyatoboa kwa drili na kubaki na moyo wa kazi. Ndiyo maana sailensa nyingi za mtaani zina matundu machache makubwa na hazinyonyi chochote. Suluhisho lilikuwa karibu na gereji yetu: chekeche la mashine ya kusaga vyakula vya mifugo, bati zito lililotobolewa kiwandani kwa matundu sawasawa. Tulilikata, tukalikunja kuwa bomba, tukalichomelea mshono mmoja. Ni wazo la fundi mwenzangu wa chuma, na nalipenda kuliko kitu kingine katika kazi hii.

Kuzunguka chekeche tuliweka kwanza tabaka jembamba la pamba ya stenlesi, kisha pamba ya mawe, ile inayofunika boila na majiko ya mikate. Pamba ya stenlesi inazuia upepo wa ekzosi usinyofoe nyuzi. Kipimo ni kama gramu 100 hadi 120 kwa kila lita. Ukishindilia zaidi, sauti haipenyi. Ukilegeza, pamba inajikusanya upande mmoja na kuacha uwazi. Pamba hizo zinawasha ngozi na hazifai kabisa kuvutwa puani. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu. Na kwa wanaotumia bomba la maji la mabati kutengeneza ekzosi: zinki yake ikichomelewa hutoa mafusho yanayoleta homa kali usiku wake. Sisi tulitumia bomba jeusi na stenlesi tu.

Bomba lililozibwa

Desibeli 8 na nusu za kwenye karatasi hazikutosha. Nilitaka zaidi kwenye hezi 100 zile zile, na kwa hilo kuna bomba la pembeni lililozibwa mwisho, ambalo wengine hulijua kwa umbo lake la herufi J. Ukipuliza mdomo wa kipande cha mwanzi kilichozibwa chini unasikia noti moja tu, kwa sababu urefu wa mwanzi umechagua noti hiyo. Bomba hili linafanya kazi kwa urefu namna hiyo hiyo, ila kwa kuzima. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi likiwa limechelewa nusu ya wimbi, linakutana na lile linalopita kwenye bomba kubwa wakati moja linapanda na jingine linashuka. Yanafutana.

Urefu unaotakiwa ni robo ya wimbi. Lakini kasi gani ya sauti itumike? Moshi hausafiri ndani ya bomba lililozibwa, umesimama, kwa hiyo ni wa baridi kuliko ulio kwenye bomba kubwa. Tulikadiria digrii 200, ambapo sauti inakwenda karibu mita 436 kwa sekunde. Robo ya wimbi kwa hezi 100 ni mita 1.09. Kwa kuwa joto lile ni makadirio, tulifanya kipande cha mwisho kiwe cha kuteleza ndani ya kingine, kikabanwa kwa klempu, tukakisogeza gari likipanda kona ile ile na kipima sauti kikiwa pale dirishani. Mahali pazuri palikuwa pafupi kidogo kuliko hesabu. Baada ya hapo tukachomelea.

Mahali pa kuliunganisha pana uzito sawa na urefu. Kwenye mdomo wa ekzosi presha ya sauti inakaribia sifuri, na bomba la pembeni likiwekwa karibu na hapo halina cha kufuta. La kwetu limeunganishwa mbele, karibu na fleksi, na linarudi nyuma likifuata fremu chini ya kiti cha abiria, likiwa na kinga ya joto.

Bomba hili linazima ukanda mwembamba. Kwenye mizunguko 3000 ni zuri mno. Kwenye 2600 na 3400 halisaidii, na upande mmoja mvumo umeongezeka kidogo. Tulichagua mizunguko ya kona ya nesi tukijua hivyo. Angekuwa ni mtu wa barabara kuu ya kwenda Moshi, anayekaa saa nzima kwenye mizunguko mingine, urefu ungekuwa mwingine.

Masega yalirudishwa pia. Yanapunguza mlio mkali kiasi, na zaidi ya hapo, gari lisilo na paa linampa dereva na abiria moshi wake wenyewe. Hoja ya zamani kwamba petroli yetu inayaua haina msingi tena, kwani petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006.

Kelele ya mbele

Ekzosi ilipotulia tukasikia kitu kipya, mkoromo mnene mafuta yakikanyagwa. Mwenye gari alidhani sailensa imepasuka. Ulikuwa unatoka mbele, kwenye kichujio cha koni kilicho wazi chini ya boneti. Ulikuwepo siku zote, chini ya kelele ya ekzosi. Boksi la hewa la Altezza halikuingia chini ya boneti ile, kwa hiyo tulikunja la alumini, kubwa kadiri nafasi ilivyoruhusu, lenye shingo inayovuta hewa ya baridi kutoka mbele. Arusha iko kwenye mita kama 1400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake tayari ni nyepesi. Kuvuta hewa ya moto ya boneti juu ya hapo ni kujinyima. Boksi lilipunguza mkoromo na halikuchukua kitu kwenye injini.

Vipimo vya mwisho: kwenye mdomo, mizunguko 3800, 93 dB(A) badala ya 104. Kwenye dirisha, kona ile ile na gia ile ile, 52 kwa A badala ya 63, na 68 kwa C badala ya 80. Kushuka kwa desibeli 10 watu wengi husikia kama nusu ya sauti ya awali, kwa hiyo kwenye dirisha tumevuka nusu. Geji ya presha, mafuta yakikanyagwa hadi chini, bado haifiki PSI 2, na muda wa kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa gia ya tatu haukuonyesha tofauti ya kushikika. Uzito umeongezeka, na kwa mtu aliyekata kila gramu kwenye fremu hilo lilimuuma. Nilimwambia ukweli, kwamba kilo hizo ndizo bei ya mvumo, na hakuna sailensa nyepesi na ndogo inayozima hezi 100.

Yapo yaliyobaki. Injini ya baridi ikiwashwa, kompyuta inaiweka kwenye mizunguko ya juu na kuchelewesha cheche ili masega yapate moto upesi, na kwa dakika ya kwanza ekzosi ina sauti kubwa kuliko baadaye. Dawa yake ni ya dereva: awashe na kuondoka polepole bila kupiga resi. Juu ya mizunguko 6000 gari bado linalia, na hatukugusa hapo. Mwendo huo si wa Njiro. Kona yenyewe sasa anaipanda kwa gia ya tatu kwenye mizunguko kama 2000 akirudi usiku, jambo ambalo lingewezekana tangu mwanzo bila gharama yoyote, ingawa lisingetosha peke yake.

Kwa matunzo, sailensa imefungwa kwa bolti upande mmoja ili ifunguliwe pamba ikaguliwe; mlio mkali ukirudi polepole, pamba ndiyo ya kwanza kushukiwa. Bomba lililozibwa linakusanya maji, maana moshi uliosimama unapoa na mvuke wake unageuka matone. Mwisho wake tumeuinua juu kidogo kuliko kiungio chake ili maji yarudi kwenye bomba kubwa na kutoka. Atakayelazimika kuulaza chini atoboe tundu la milimita 2 kwenye sehemu ya chini kabisa, la sivyo kutu italitoboa kubwa zaidi mahali isipotakiwa.